Shajara ya mradi: kuithibitisha kingamwili ya GM130 kwa kazi ya Homa ya Bonde la Ufa

Kwa anayeanza kusoma hapa, kazi yetu ni hii. Virusi vya Homa ya Bonde la Ufa vilielezwa kitaalamu mwaka 1931, baada ya wana-kondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha, na tangu hapo vimerudi mara kadhaa mvua kubwa zinaponyesha na mbu kuzaana kwenye madimbwi. Mlipuko wa 2006 na 2007 uligusa Kenya, Somalia na Tanzania. Wafugaji wanaukumbuka kwa mimba zilizotoka na wana-kondoo waliokufa. Virusi hivi vina tabia inayotuvuta: havichomozi kwenye utando wa nje wa seli kama vifanyavyo vingine vingi. Hujiunda ndani, kwenye Golgi (sehemu ya seli inayopanga na kusafirisha proteini), kisha hupakiwa katika vifuko vya seli yenyewe na kusafirishwa hadi nje.

Ganda la virusi hivi lina proteini mbili, Gn na Gc. Gc ikitengenezwa peke yake hukwama kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ambamo proteini kama hizi hutengenezwa. Ikiwa pamoja na Gn, hufuatana nayo hadi Golgi, kwa kuwa Gn ndiyo iliyobeba anwani. Tunataka kujua anwani hiyo inasomwaje katika seli za kondoo, maana kondoo ndiye anayeumia zaidi na seli zake hazijachunguzwa kama za binadamu. Hatushiki virusi hai. Tunaingiza plazimidi (kiduara cha DNA) yenye jeni ya Gn peke yake, ikiwa na kibandiko cha HA mkiani, yaani kipande kifupi cha kuitambulisha, kwa hiyo kazi inafanyika katika maabara ya kawaida ya seli.

Lakini huwezi kusema "Gn imefika Golgi" kama huna alama ya Golgi unayoiamini. Sehemu hii ya shajara inahusu alama hiyo: kingamwili (proteini ya kinga inayoshika shabaha yake) ya sungura dhidi ya GM130, proteini inayokaa Golgi, na namna tulivyoipima kabla ya kuiruhusu iseme chochote kuhusu Gn.

8 Februari

Kifurushi kimefika maabara Nairobi. Kiashiria cha joto pembeni mwa boksi hakijabadilika rangi, barafu bado ipo. Kingamwili imo katika gliseroli nusu kwa nusu, kwa hiyo haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Tumeigawa papo hapo katika vijichupa vidogo, kila kimoja cha kutosha jaribio moja au mawili, na kila kimoja kimeandikwa namba ya toleo. Vimewekwa kwenye friza ya zamani ambayo barafu yake huondolewa kwa mkono. Friza za kisasa zinazojiyeyushia barafu hupanda joto na kushuka kila mara, na kupanda na kushuka huko huharibu kingamwili polepole bila mtu kuona.

Namba ya toleo naisisitiza kwa wanafunzi. Kingamwili ya kloni nyingi hutokana na damu ya mnyama fulani aliyekamuliwa wakati fulani. Mnyama mwingine akitumika, lebo hubaki ileile na kilichomo ndani ya chupa kinakuwa kitu kipya. Hii yetu ni ya kloni moja, na imetengenezwa kwa jeni zilizowekwa ndani ya seli za kuzalishia, hivyo matoleo yake yanapaswa kufanana. Hata hivyo namba inaandikwa.

10 Februari

Mwanafunzi wetu wa uzamili ameuliza kwa nini GM130 na si proteini nyingine. Swali zuri, na jibu lake linastahili kuwekwa hapa.

Camillo Golgi aliiona sehemu hii ya seli mwaka 1898 huko Pavia, Italia, kwa kupaka rangi ya fedha kwenye seli za Purkinje za ubongo wa bundi. Kwa miongo mingi baadaye wapo waliodai kwamba alichokiona ni uchafu wa rangi tu, hadi hadubini ya elektroni ilipoonyesha vile vifuko bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Napenda historia hiyo ikumbukwe na kila anayepaka rangi seli: hata Golgi yenyewe ilishukiwa kuwa kosa la upakaji.

GM130 ilielezwa mwaka 1995 na Nobuhiro Nakamura na wenzake katika maabara ya Graham Warren, London. Walichukua Golgi kutoka maini ya panya, wakaiosha kwa sabuni na chumvi hadi ikabaki mifupa yake tu, kisha wakatafuta proteini zilizong'ang'ania hapo. Jina linasema yote: G ni Golgi, M ni "matrix", yaani hiyo mifupa yake, na 130 ni ukubwa wa kama kilodaltoni 130 (kipimo cha uzito wa molekuli). Lakini proteini hiyo ilikuwa imeshagunduliwa kwa njia nyingine. Mwaka 1993 watafiti waliokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa ambao kinga yao hushambulia mwili wenyewe walikuta kingamwili zinazoshika Golgi, na moja ya proteini zilizoshikwa waliipa jina golgini-95. Jeni ni ileile moja, GOLGA2, kwenye kromosomu ya 9. Golgini (proteini ndefu za Golgi) kadhaa tunazozifahamu leo zilifichuliwa na damu ya wagonjwa kama hao.

Kazi yake ni kupokea vifuko. GM130 ni ndefu na nyembamba. Mkia wake umefungwa kwenye utando wa Golgi kupitia proteini ya GRASP65. Kichwa chake kimenyooka nje na kinashika proteini nyingine, p115, ambayo nayo hushika vifuko vinavyokuja. Ni kama kamba inayorushwa kutoka gatini kukidaka chombo kabla hakijagusa ukuta. Inakaa upande wa kuingilia wa Golgi, ule unaotazama retikulamu, kwa hiyo ikiwaka tunajua tupo lango lipi. Ndiyo sababu ya kuichagua.

15 Februari

Bloti ya kwanza, yaani kutenganisha proteini kwa ukubwa kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitafuta kwa kingamwili. Seli za HeLa, ambazo ni za binadamu, na seli za figo la kondoo, kiasi sawa cha proteini kila kisima, jeli ya asilimia 7 ili proteini kubwa zipate nafasi ya kuachana. Kuhamishia kwenye utando tumekufanya usiku kucha kwenye chumba baridi, kwa umeme mdogo, kwa sababu proteini za ukubwa huu hazipendi kuharakishwa.

Asubuhi tumeona mstari mzito karibu na alama ya 130 kwenye HeLa. Kondoo nao wana mstari mahali palepale, dhaifu zaidi. Lakini chini, karibu na 70, upo mstari wa pili katika seli zote mbili.

Mama yetu wa maabara, fundi sanifu aliyeendesha jeli tangu sisi wengine tukiwa sekondari, ameinua utando kwenye mwanga akaniambia, "Daktari, huu wa chini usiuite takataka mpaka ujue ni nini."

Nikamuuliza, "Mama, unadhani ni proteini iliyovunjika?"

"Ikiwa imevunjika, ukiondoa ile kubwa, hii nayo itapungua. Isipopungua, ni mgeni."

Mpango mzima wa wiki zinazofuata umo ndani ya maneno hayo. Sijui njia fupi zaidi ya kueleza kidhibiti cha kijenetiki.

Jambo moja kwa wanaosoma bloti: ukipiga hesabu ya uzito wa GM130 ya binadamu kutoka kwenye mfuatano wake wa asidi amino 1002, unapata kama kilodaltoni 113. Kwenye jeli inakimbia kama yenye 130. Proteini ndefu zenye tindikali nyingi hufanya hivyo. Mstari kuwa "mahali pake" si hoja ya kutosha, kwa sababu hata mahali pake hapalingani na hesabu.

22 Februari

Kuhusu mgeni wa 70. GOLGA2 ina ukoo mkubwa. Kwenye kromosomu ya 15 ya binadamu zipo nakala nyingi za jeni zilizotokana nayo, zile zinazoitwa GOLGA6 na GOLGA8, na baadhi ya proteini zake ni fupi kuliko GM130 huku zikifanana nayo kwa sehemu. Kingamwili iliyotengenezwa kwa kipande ambacho ndugu hawa wanakishiriki inaweza kuwashika wote. Tumelinganisha kipande kilichotumika kumchanja sungura na mfuatano wa ndugu hao: upo mfanano, ingawa si mkubwa. Kwa hiyo mgeni anaweza kuwa ndugu, au anaweza kuwa mtu mbali kabisa. Makaratasi hayatatuamulia.

siRNA (kipande kifupi cha RNA kinachonyamazisha jeni) dhidi ya GOLGA2 imefika. Tumeagiza mbili zinazolenga sehemu mbili tofauti za ujumbe wa jeni (mRNA), pamoja na moja isiyolenga chochote. Mbili, kwa sababu siRNA nazo hugusa zisichotumwa, na ni vigumu mbili tofauti zikose kwa namna ileile.

1 Machi

Umeme ulikatika usiku na jenereta ikachukua muda kuwaka. Inkubeta ilipoa, seli zimesinyaa. Tumezitupa, tumeyeyusha chupa nyingine za HeLa kutoka naitrojeni ya kimiminika. Seli zilizopata mshtuko wa baridi hubadilisha Golgi zao na sitaki picha ya Golgi yenye maelezo mawili.

(HeLa zilichukuliwa kutoka kwa Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951 bila ridhaa yake. Kila mwanafunzi anayeingia maabara hii huambiwa jina hilo kabla hajafungua chupa.)

9 Machi

Matokeo ya siRNA kwenye bloti, seli zikiwa zimekaa saa 72 baada ya kuingizwa. Muda huo ni wa lazima: GM130 ikishatengenezwa haiondoki haraka, na ukipima mapema utadhani siRNA haijafanya kazi.

Mstari wa 130 umebaki kivuli tu kwa siRNA ya kwanza, na umepungua sana kwa ya pili. Tubulini, tuliyoitumia kuonyesha kwamba visima vilipakiwa sawa, haijabadilika. Mstari wa 70 haujatikisika hata kidogo, upo uleule kwenye visima vyote.

Basi: wa 130 ni GM130. Wa 70 si GM130 na si kipande chake. Mama wa maabara ametazama, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaendelea kuosha vyombo.

Kwa bloti, kwa hiyo, kingamwili hii inatumika kwa sharti kwamba tunasoma mstari wa 130 peke yake. Jeli inatusaidia kwa sababu inawatenganisha wawili hao kwa ukubwa. Hadubini haina huruma hiyo. Ndani ya seli, GM130 na mgeni watawaka kwa rangi ileile, na hakuna atakayekuambia mwanga huu ni wa nani. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kusema "imethibitishwa kwa bloti" kisha wakaiweka kwenye slaidi. Bloti huonyesha proteini iliyochemshwa, ikanyooshwa, ikapoteza umbo. Kwenye slaidi proteini imo katika umbo lake, imeshikwa na majirani zake, imegandishwa na kemikali. Ni mitihani miwili na kila mmoja unahitaji cheti chake.

Mwaka 2016 kikundi cha kimataifa cha wataalamu kilipendekeza nguzo 5 za kuthibitisha kingamwili, na kuondoa jeni au kuipunguza ni ya kwanza kati yake. Kazi kubwa iliyochapishwa 2023 ilipima kingamwili 614 za madukani dhidi ya proteini 65 kwa kutumia seli zisizo na jeni husika, na nyingi zilishindwa angalau mtihani mmoja. Ilionyesha pia kwamba, kwa upande wa picha, madai ya muuzaji yaliyotegemea ushahidi usio wa kijenetiki ndiyo yaliyoanguka zaidi. Ninaiweka hapa ili mwanafunzi akiulizwa na msimamizi "kwa nini unapoteza muda na fedha za siRNA?" awe na la kujibu.

16 Machi

Slaidi. Tumetumia ujanja ambao ningependa kila maabara ya seli Afrika Mashariki iujue, kwa sababu hauna gharama kubwa na unaondoa ubishi.

Kwa kawaida watu hupaka kioo kimoja chenye seli zenye GM130 na kingine chenye seli zilizopunguziwa, kisha hupiga picha mbili na kuzilinganisha. Tatizo ni kwamba kioo kimoja kinaweza kuoshwa zaidi ya kingine, kamera ikaachwa wazi muda tofauti, na tofauti ya mwanga ikatokana na mkono wa mpakaji. Badala yake tumezitia seli za kawaida rangi ya buluu inayoingia ndani ya seli na kubaki humo, zilizopewa siRNA tukazitia rangi nyekundu, kisha tukazichanganya na kuzipanda pamoja kwenye kioo kimoja. Zimekaa bega kwa bega, zimegandishwa pamoja, zimepakwa na tone lilelile, zimepigwa picha moja.

Baada ya dakika kadhaa za kuzungusha skrubu ya hadubini, zikaonekana. Seli ya buluu: pembeni mwa kiini upo utepe wa kijani uliopinda, wenye mafundo na matundu, kingo zake kali. Jirani yake, nyekundu, wamegusana kabisa: mahali pa utepe pana giza. Iliyobaki ni ukungu hafifu wa kijani ulioenea kwenye kiini, na ukungu huohuo upo pia kwenye kiini cha seli ya buluu. Tukasogeza kioo. Buluu, utepe. Nyekundu, giza. Buluu, utepe. Hapa na pale nyekundu moja ina mabaki ya vidoa vidogo vilivyotawanyika, na hilo linaeleweka, kwa kuwa GM130 ikipungua utepe wenyewe hukatika vipande. GM130 na GRASP65 ni sehemu ya kinachoviunganisha vifuko bapa vya Golgi viwe utepe mmoja.

Mwanafunzi wetu amekaa kwenye kiti cha hadubini muda mrefu kuliko alivyohitaji. Nimemwacha. Picha za namna hii ndizo zinazomfanya mtu abaki katika sayansi.

Kuhusu ukungu wa kwenye kiini: haukupungua na siRNA, sawa na mstari wa 70. Dhana yangu ni kwamba ni kitu kimoja, mgeni wetu anaishi kwenye kiini. Sijathibitisha na sihitaji kuthibitisha kwa mradi huu. Inatosha kujua kwamba hakai Golgi, na kwamba hatutapima mwanga wowote ulio juu ya kiini.

18 Machi

Maelezo ya kugandisha, kwa ufupi. Formaldehidi ya asilimia 4 kwa dakika 15, kisha Triton X-100 ya asilimia 0.1 kutoboa utando: utepe mzuri, seli inabaki na umbo lake. Methanoli baridi: utepe mkali zaidi, ukungu wa kiini mdogo zaidi, lakini methanoli huyeyusha mafuta ya utando na Gn yetu imekaa ndani ya utando. Tumechagua formaldehidi. Kipimo cha kingamwili ni 1 kwa 500 kwenye slaidi na 1 kwa 2000 kwenye bloti. Kioo kilichopakwa kingamwili ya pili peke yake (ile inayobeba rangi na kuishika ya kwanza), ya mbuzi dhidi ya sungura, ni cheusi kwa HeLa na kwa kondoo pia.

Hilo la mwisho si dogo kwetu. Anayefanya kazi na seli za kondoo asitumie kingamwili ya pili iliyolenga mbuzi. Mbuzi na kondoo ni ndugu wa karibu mno na kingamwili zao zinafanana.

25 Machi

Kabla ya kondoo, mitihani miwili ya tabia kwenye HeLa. Alama ya kweli ya lango la Golgi inapaswa kufanya yale ambayo lango la Golgi hufanya.

Dawa ya Brefeldini A huzuia kupachikwa kwa koti la COPI, proteini zinazofunika vifuko, kwenye utando, na matokeo yake vimeng'enya vya Golgi humezwa na retikulamu ndani ya dakika chache. GM130 haifuati. Yenyewe hubaki katika vidoa vilivyotawanyika karibu na milango ya kutokea ya retikulamu. Tumeweka mikrogramu 5 kwa mililita kwa nusu saa: kimeng'enya cha Golgi kinachopachika galaktosi, tulichokitumia kulinganisha, kimeenea seli nzima kama wavu, na GM130 imekuwa vidoa. Tulipoosha dawa na kusubiri, utepe ulirudi. Hivyo ndivyo GM130 inavyopaswa kufanya, na kingamwili iliyokuwa ikishika kitu kingine cha Golgi ingeweza kutupa picha tofauti hapa.

Mtihani wa pili umekuja bila kuandaliwa. Kwenye kila kioo zipo seli chache zinazogawanyika, kromosomu zimejipanga katikati. Ndani yake utepe umetoweka na badala yake kuna vumbi la nukta ndogondogo. Kimeng'enya cha Cdk1 hupachika fosfeti kwenye asidi amino ya 25 ya GM130, serini, seli inapoanza kugawanyika, kichwa chake kinashindwa kushika p115, vifuko havidakwi tena, na Golgi inavunjika ili igawanwe kwa seli mbili. Nimemwonyesha mwanafunzi seli moja ambayo ilikuwa inamaliza kugawanyika, vitepe viwili vidogo vikianza kujikusanya, kimoja kila upande.

6 Aprili

Kondoo.

Kipande kilichotumika kumchanja sungura kilitokana na GM130 ya binadamu. Ya kondoo inafanana nayo kwa sehemu kubwa lakini si kila mahali, na hakuna karatasi ya muuzaji iliyotaja kondoo. Zimetaja binadamu, panya, na mbwa. Hilo ni jambo tunalokutana nalo kila siku sisi tunaofanyia kazi magonjwa ya mifugo: orodha za madukani zimeandikwa kwa ajili ya wanyama wa maabara za nchi nyingine. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia wetu hatuwezi kuwaachia bahati. Mtu akitumia kingamwili kwenye kondoo kwa sababu "ilifanya kazi kwa binadamu," kisha akaandika kuhusu virusi vinavyoua kondoo, amejenga nyumba kwenye shamba asilolipima.

Jinomu ya kondoo ipo wazi kwa kila mtu, kwa hiyo tumebuni siRNA mpya kutoka kwenye mfuatano wa GOLGA2 ya kondoo na kuiagiza. Ile ya binadamu isingeshika. Herufi zinatofautiana katika sehemu zote mbili tulizolenga.

Seli hizi za figo hupokea siRNA kwa shida. Bloti inaonyesha mstari wa 130 umepungua, ila haujaisha. Kwenye kioo cha mchanganyiko, seli nyekundu ni za aina mbili: zipo ambazo utepe umefifia karibu kabisa, na zipo ambazo uko kama wa jirani wa buluu. Nadhani hizo za pili hazikupokea siRNA. Wastani wa mwanga ungetudanganya hapa kwa kusema "umepungua kiasi," wakati kweli yenyewe ni kwamba baadhi ya seli zimepoteza na baadhi hazijapoteza. Tumeamua kuripoti seli moja moja.

Brefeldini kwenye kondoo imetoa picha ileile ya vidoa na utepe umerudi baada ya kuosha. Pia tulimwingizia kondoo, yaani seli zake, GM130 yenye kibandiko cha rangi, na kijani cha kingamwili kikalala juu ya rangi hiyo. Hoja tatu zinaelekea upande mmoja. Nimeridhika na slaidi za kondoo. Kwa bloti ya kondoo bado nataka mstari wa juu upungue zaidi, na mpaka hapo hatutaitumia kupima kiasi cha GM130 ndani yao.

14 Aprili

Gn kwa mara ya kwanza katika seli za kondoo, HA kwa magenta, GM130 kwa kijani.

Kwa jicho la haraka zinalala pamoja, pembeni mwa kiini, na rangi zikikutana zinatoa weupe. Mwanafunzi alitaka kuandika "Gn ipo upande wa kuingilia." Nimemwomba asiandike bado. Utepe wa Golgi umejikunja, tabaka zake zimekaribiana kuliko kiwango ambacho hadubini ya mwanga inaweza kutenganisha, ambacho ni kama nanomita 200. Katika utepe, karibu kila proteini ya Golgi italala juu ya GM130 ukiitazama hivyo.

Dawa ya nokodazoli inasaidia. Huvunja mikrotubuli (nyuzi za ndani ya seli zinazoishikilia Golgi mahali pake), na utepe unagawanyika kuwa vipande vidogo vilivyosambaa, kila kimoja kikiwa na tabaka zake zote kwa mpangilio. Vipande hivyo vikikaa ubavu, upande wa kuingilia na upande wa kutokea huonekana kama rangi mbili zinazopakana. Tumepiga picha za vipande vingi na kuchora mstari wa mwanga kukatiza kila kimoja. Kilele cha GM130 kiko upande mmoja. Cha Gn kinaanza hapohapo lakini kinaendelea kuelekea upande wa pili, kipana, na katika vipande kadhaa kimeipita GM130 kabisa.

Kwa hiyo Gn haijasimama langoni. Inaingia ndani, na ili tujue imefika wapi tunahitaji alama ya upande wa kutokea.

17 Aprili

Alama ya kawaida ya upande wa kutokea kwa binadamu ni TGN46, lakini proteini hiyo imebadilika sana kati ya wanyama na sina matumaini nayo kwa kondoo. Tunaelekea golgini-97, jeni ya GOLGA1. Hiyo nayo ilifichuliwa na damu ya mgonjwa, wa ugonjwa wa Sjögren, mwaka 1997. Imeshikiliwa upande wa kutokea na proteini ya Arl1, na hudaka vifuko vinavyorudi kutoka endosomu (vyumba vya seli vinavyopokea vitu kutoka nje), kwa hiyo ikionekana pamoja na Gn itatueleza jambo ambalo GM130 haiwezi.

siRNA mbili dhidi ya GOLGA1 ya kondoo zimebuniwa na kuagizwa asubuhi ya leo. Kingamwili yenyewe bado hatujaichagua. Tumeomba sampuli ndogo kutoka kwa wauzaji watatu na zitapimwa zote kwenye kioo cha mchanganyiko siRNA zikishafika. Picha ghafi za GM130, pamoja na zile zenye ukungu wa kiini na bloti nzima zenye mstari wa 70 bila kukatwa, anapewa yeyote atakayeziomba.